Gari Langu Haliibiki

Leo Jumatatu nimesukumwa tena. Lililosukumwa ni gari, lakini kwa macho ya majirani nimesukumwa mimi.

Njombe, mwezi wa saba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Baridi siwaelezi. Nimevaa koti na tai, nina kikao. Nafungua swichi, nasubiri ile taa ya njano iliyojisokota kama utumbo izime, hita zikolee, maana injini ya dizeli hukuiamsha kwa adabu haiamki. Taa ikazima. Napiga stata: kwee... kwee... ti-ti-ti-ti. Kimya.

Na betri ina miezi minne tu, jamani!

Mwalimu wa nyumba ya pili akasema nozeli. Mzee wa kanisa akasema dizeli ina maji. Kijana wa bodaboda, ambaye chake kinawaka kwa teke moja, akanishauri niuze. Tukateremka nalo hadi kwenye mtelemko, gia ya pili, likakohoa moshi likawaka. Kikao basi tena. Nikanyoosha kwa fundi rewaya, yule wa umeme wa magari.

Huyu bwana ana mita moja, haina mfuniko, imefungwa kwa mpira wa manati. Akapima gari likinguruma: volti 14.1. "Altaneta nzima, bosi, inachaji betri vizuri." Akazima, akachomoa kichwa cha hasi, akaipachika mita katikati, akaamuru nifunge milango nisiguse kitu. Tukasimama kimya kama tunasubiri hukumu. Mita ikatulia kwenye ampea 0.6, umeme unaovuja gari likiwa limezimwa.

"Gari limelala, bosi, hata 0.05 ni nyingi. Ulilipaki lini?"

"Ijumaa jioni."

Akaandika kwa kidole kwenye vumbi la boneti: saa 60 mara 0.6, ni ampea-saa 36. Betri yangu ni ya 70. Yaani nusu nzima imeliwa mimi niko kitandani, halafu asubuhi nataka ikamsukume dizeli aliyeganda!

Kazi ikawa kuchomoa fyuzi mojamoja. Ya redio: bado 0.6. Ya taa za ndani: bado. Kila akichomoa ananikabidhi. Nimesimama na tai yangu, viganja nimevikinga kama mtu wa dua, fyuzi kumi na nane, nyekundu, bluu, njano, kamasi zinashuka na mkono wa kufutia sina. Akazimaliza zote. Bado 0.6!

Ndipo akauona waya mwekundu umetoka moja kwa moja kwenye kichwa cha betri, umepita chini ya zulia, umezungushiwa solotepu kama kidonda.

"Nani kafunga takataka hii?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe! Mwaka jana! Kengele ya wezi! Uliniapia kwamba hata aje mwizi wa kimataifa, gari haliondoki!"

Akaukuna utosi, akaniangalia bila hata chembe ya aibu. "Sasa, bosi, si kweli halijaondoka?"

Kutafuta tatizo elfu thelathini. Kuling'oa elfu kumi. Niliipiga kelele ile bei mpaka mama wa vitumbua akageuka. Nililipa.

Usiku navua koti, mfukoni nakuta fyuzi moja, ya kijani. Nikatoka nje na kandambili kwenye ile baridi: taa zinawaka, honi inalia, mbwa wa mwalimu kaamka. Nimeirudisha ndani nikaiweka kabati la vikombe. Mama watoto kaiona, anauliza hii pipi ni ya nani.