Kununua Wiki ya Likizo Malindi: Hesabu Inamfaa Nani?

Shemeji yangu anafundisha Nakuru. Juzi alinitumia picha za mkataba kwa simu, na chini yake swali moja tu: nitie sahihi? Mkataba unamuuzia wiki moja ya kila mwaka katika nyumba ya likizo hapa Malindi, vyumba viwili vya kulala, bwawa la kuogelea la pamoja, ufuko karibu. Analipa fedha nyingi mara moja mwanzoni, kisha ada ya matengenezo mwaka hadi mwaka. Wauzaji wauita mpango huu taimusheya. Najua si yeye peke yake anayeletewa karatasi kama hizo. Jamaa zetu walioko Uingereza na Marekani nao huandamwa sana. Kwa hiyo nimeona jibu langu nilitoe hadharani.

Wazo lenyewe si la kitapeli. Lilianzia Ulaya miaka ya 1960: kampuni ya Hapimag ya Uswisi ilianzishwa mwaka 1963, na mwaka 1967 kituo cha kuteleza kwenye theluji cha Superdévoluy katika milima ya Alps, Ufaransa, kikaanza kuwauzia watu wiki badala ya kuwakodisha vyumba. Hoja yao ilikuwa na mantiki. Nyumba ya likizo hukaa tupu sehemu kubwa ya mwaka, basi kwa nini mtu mmoja abebe gharama zote za kitu anachokitumia wiki mbili?

Hapa Malindi hoja hiyo ina uzito kuliko mahali pengi. Tembea Casuarina hadi upande wa Mayungu mwezi wa Mei uhesabu madirisha yaliyofungwa. Waitaliano walianza kuizoea Malindi tangu enzi za kituo cha anga cha San Marco kule Ngomeni, ambako setilaiti zilianza kurushwa mwaka 1967, na waliofuata baadaye walijenga nyumba nyingi sana. Wengine wamezeeka, wengine hawaji tena. Wakenya wa bara nao wamejenga, wakagundua kwamba kujenga ndiyo sehemu rahisi.

Anayeishi mbali hajui chumvi inafanya nini. Simama nyuma ya nyumba yoyote iliyo karibu na bahari utazame fremu ya chuma inayoshikilia kiyoyozi ukutani. Miaka michache tu, rangi imebambuka, boliti hazifunguki, na kutu imechuruzika ukutani hadi chini. Fundi akija hafungui, anakata. Bawaba za milango ni hivyo hivyo, pampu ya maji ni hivyo hivyo. Paa la makuti lazima liezekwe upya kila baada ya muda, na makuti mazuri si rahisi siku hizi. Maji ya bomba yanatoka Baricho, na yakikatika unaagiza boza, lori la maji. Ongeza askari wa usiku, mtunza bustani, kodi ya ardhi ya kaunti. Kisha kuna lile ambalo wenye nyumba hulizungumza kwa sauti ya chini: nyumba uliyoiacha imefungwa, majirani wanakwambia Pasaka ilikuwa na wageni, na wewe hukupokea hata shilingi.

Mtu aliyekuwa tayari kununua kiwanja na kujenga ili aje Malindi wiki mbili kwa mwaka, huyo akinunua wiki badala ya kujenga amejiokoa na mengi. Hili nalisema kwa dhati. Tatizo ni kwamba wanaouziwa wiki kwa kawaida si watu wa kujenga. Ni watu wa kupanga nyumba kwa siku chache. Ni mwalimu, ni nesi, ni mfanyabiashara wa mtumba ambaye mwaka mmoja anakuja pwani, mwaka mwingine ana karo. Na muuzaji hamlinganishii wiki yake na kupanga nyumba, bali na bei ya hoteli kubwa Disemba. Ulinganisho huo ndio unaomponza mnunuzi.

Tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme wiki inauzwa Sh600,000 na ada ya mwaka ni Sh45,000. Tuseme pia nyumba ya vyumba viwili inapatikana Airbnb, au kwa kumpigia simu mtunzaji moja kwa moja, kwa Sh8,000 kwa usiku. Wiki nzima ni Sh56,000. Sasa zile Sh600,000 uzipeleke kwenye hati fungani ya serikali ya miaka 10 au zaidi, yaani uikopeshe serikali ikulipe riba. Kwa miaka mingi hati za aina hiyo zimelipa asilimia 10 na kupita. Kwa asilimia 10 unapata Sh60,000 kwa mwaka, kodi ya asilimia 10 ikikatwa zinabaki Sh54,000. Riba peke yake inakaribia kulipia likizo yote, unaongeza Sh2,000 tu. Hulipi ada ya matengenezo. Na mwisho wa muda Sh600,000 zako unarudishiwa, wakati wiki haikurudishii chochote.

Hata hivyo ipo hali ambayo hesabu hiyo inageuka, na si haki kuificha. Disemba bei huweza kupanda maradufu. Ikiwa mkataba unakupa wiki ya Krismasi, imeandikwa kwa tarehe, kila mwaka bila kubembeleza, basi wiki ambayo ungeipanga kwa Sh112,000 unaipata kwa ada ya Sh45,000. Umeokoa Sh67,000, zaidi ya zile Sh54,000 za riba. Kwa familia ambayo lazima ikutane pwani kila Disemba, babu, wajukuu na mashemeji, wiki ya namna hiyo ni kitu cha maana. Lakini wiki za Disemba ni chache, huuzwa ghali zaidi, na anayeuza huzitaja kwanza ndipo akupe karatasi yenye wiki nyingine.

Mkataba wa shemeji yangu hauna tarehe. Unasema atachagua wiki yake ndani ya msimu, kwa kuweka nafasi mapema, nafasi ikiwapo. Msimu wenyewe aliopewa ni Aprili hadi Agosti. Kwa mwalimu hiyo ina maana ya likizo ya Aprili au ya Agosti. Aprili masika yanaanza, mvua zinapiga, na Mto Sabaki unashusha udongo wa bara mpaka bahari inakuwa ya kahawia. Agosti upepo wa Kusi bado unavuma, mawimbi makubwa, mwani umetupwa ufukweni. Sisi wenyeji tunaipenda Agosti kwa ubaridi wake, lakini mtoto wa Nakuru aliyeahidiwa maji ya buluu ya kwenye picha hatakuelewa. Na katika miezi hiyo ndipo nyumba za kupanga zinapokuwa rahisi, mwenye nyumba anakubali bei yoyote ya maana kuliko kuacha nyumba tupu. Akitia sahihi, atakuwa amelipishwa mapema kwa kitu ambacho wakati huo kinapatikana kwa bei ya chini kabisa.

Nimeisoma sehemu ya ada mara kadhaa. Inasema kampuni itakuwa ikiipitia ada kila mwaka kulingana na gharama. Haina kikomo, haisemi nani atakagua vitabu, wala haiwapi wenye wiki kura. Ada ikipanda kwa asilimia 8 kwa mwaka, baada ya miaka 9 Sh45,000 zimekuwa Sh90,000. Kodi za nyumba nazo hupanda, kweli, lakini mpangaji asipopendezwa na bei ya Malindi anakwenda Diani, au anabaki nyumbani. Mwenye wiki hana pa kwenda, deni linamfuata. Baadhi ya mikataba huandika ada kwa dola, na hapo mambo ni mazito zaidi. Mwanzoni mwa 2020 dola moja ilikuwa kama Sh100. Januari 2024 ilifika karibu Sh160. Ada ya dola 350 iliruka kutoka Sh35,000 hadi Sh56,000 bila mtu yeyote kugusa rungu la askari wala ndoo ya rangi.

Walio Lamu wanaijua shida hii kwa sura nyingine. Nyumba ya mawe ya urithi yenye warithi wengi, kila mmoja ana fungu lake, dari inavuja na boriti zinaoza, na hakuna anayetengeneza kwa sababu kila mmoja anamngoja mwenzake. Tofauti ni kwamba warithi wanajuana na wanaweza kuitana wakazungumza. Wenye wiki hamsini za nyumba moja hawajuani hata kwa majina. Anayewajua wote ni kampuni.

Na kampuni ikianguka? Hapa ndipo ningemtaka kila mnunuzi atulie. Wiki nyingi zinazouzwa ni haki ya kutumia tu, si umiliki wa ardhi. Jina lako haliko kwenye hati. Ikiwa kiwanja kimewekwa rehani benki na mkopo haulipwi, benki itauza, na wewe utabaki na karatasi ya kudai kampuni isiyo na kitu. Pwani yetu ina historia ndefu ya migogoro ya ardhi, hati mbili kwa kiwanja kimoja, maskwota waliokaa miaka mingi kabla hati haijatolewa. Kufanya sachi, yaani kukagua rekodi za kiwanja, kwenye ofisi ya ardhi hakugharimu fedha nyingi, na ni ajabu watu wanaotoa laki sita hawaifanyi. Uliza pia ardhi imebakiza miaka mingapi kama ni ya kukodishwa na serikali. Sheria ya Sectional Properties ya 2020 imeruhusu hati kwa kila nyumba katika jengo la pamoja, hivyo muuzaji aliye na nia njema ana njia ya kukupa zaidi ya ahadi.

Kuiuza wiki tena ni shida kubwa. Marekani, ambako biashara hii ni kubwa kuliko kokote, kuna wiki hutangazwa kwa dola 1 na hazipati mtu, kwa kuwa anayeichukua anachukua na ada yake. Nchini Hispania Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2015 kwamba mikataba iliyotiwa sahihi baada ya sheria yao mpya kuanza kazi, na ambayo inazidi miaka 50, ni batili. Wengi wakapata njia ya kutoka. Mkataba nilioletewa mimi unasema haki na wajibu vitarithiwa. Mwalimu atawaachia watoto bili.

Kuna faida moja ambayo wauzaji huisifu sana, ya kubadilishana wiki kupitia makampuni kama RCI, lililoanzishwa Marekani mwaka 1974. Unaiacha wiki yako ya Malindi, unakwenda Tenerife, kisiwa cha Hispania. Kwa Mkenya anayeishi London inaweza kumfaa. Kwa aliye Nakuru, kuna ada ya uanachama, ada ya kila badilishano, nauli ya ndege, na viza ya Schengen.

Tusisahau pia kwamba eneo letu hupata misukosuko. Baada ya shambulio la Mpeketoni Juni 2014 Lamu iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, na utalii wa pwani nzima ukaumia. Hapa Malindi hoteli kadhaa zilifunga milango. Aprili 2020 serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Kaunti ya Kilifi. Aliyezoea kupanga hakulipa kitu mwaka huo. Mwenye wiki, kama mkataba wake haukutaja hali kama hiyo, alidaiwa ada ya nyumba asiyoweza kuifikia.

Lakini mji wenyewe unahitaji nini? Swali hili linanigusa kuliko yote, maana naishi hapa. Mama anayefua mashuka katika nyumba za likizo ana kazi Disemba hadi Pasaka, kisha anaambiwa ataitwa. Anaitwa Julai, akiitwa. Ada zinazolipwa mwaka mzima na watu wengi zinaweza kumfanya awe mwajiriwa wa kudumu, mwenye NSSF na bima ya afya, na wageni wanaokuja kila wiki ya mwaka wanamnunulia mvuvi samaki hata wakati wa Kusi. Nyumba zilizofungwa hazimsaidii mtu. Kwa sababu hiyo siutaki mpango huu upigwe marufuku. Nataka uendeshwe kwa namna ambayo ada ya matengenezo inawekwa kwenye akaunti ya peke yake, inakaguliwa kila mwaka, na wenye wiki wana mwakilishi. Bila hivyo, fedha zitakwenda kulipia matangazo ya kuuza wiki nyingine, na mama wa mashuka ataendelea kungoja simu.

Sheria haiko kimya kabisa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inaitaja mikataba ya aina hii na inampa mnunuzi nafasi ya kuivunja bila kutoa sababu katika siku za mwanzo baada ya kukabidhiwa nakala ya maandishi. Kwa hiyo nakala hiyo idaiwe siku ile ile, na tarehe ya kuipokea iandikwe. Muuzaji anayesema bei ni ya leo tu, na karatasi zitafuata kwa barua pepe, anakunyang'anya siku hizo.

Shemeji nimemwambia asitie sahihi kwa masharti yaliyomo. Nimemwambia arudishe karatasi na madai manne: wiki ya Disemba iandikwe kwa tarehe, ada iwe kwa shilingi na isipande kupita kiwango kilichotajwa, awe na haki ya kuirudisha wiki kwa kampuni baada ya miaka kadhaa bila deni, na nakala ya sachi ya ardhi iambatanishwe. Wakikubali yote, alipe. Wasipokubali, vyumba viwili kwa likizo ya Agosti nitamtafutia mimi, na bei tutaelewana na mwenye nyumba.