Nenda Darasani Ukiwa Umeshaizoea Bastola

Anayetaka leseni ya kubeba bastola iliyofichwa mwilini katika jimbo la Illinois, Marekani, sharti awe ametimiza miaka 21, awe na kitambulisho cha kumiliki silaha kiitwacho FOID, na ahudhurie mafunzo ya saa 16 kwa mkufunzi aliyeidhinishwa na Polisi wa Jimbo. Waswahili wenzangu wa huku wanaponiuliza wajiandae vipi, karibu wote huanza na habari ya kulenga shabaha. Kwa maoni yangu, wanauogopa mtihani mwepesi na kuusahau ule mzito, wa sheria.

Mtihani wa shabaha ni wa risasi 30: kumi kutoka yadi 5, kumi kutoka yadi 7 na kumi kutoka yadi 10, na zikilenga 21 umefaulu. Yadi 5 hazifiki mita tano, yaani ni urefu wa sebule ya kawaida. Lakini mtu anayeishika bastola kwa mara ya kwanza siku hiyo hiyo huwa amejaa hofu, na mkufunzi anapofika mahali pa kueleza ni lini sheria inaruhusu kutumia nguvu ya kuua, maneno humpita huku yeye angali anawaza kishindo.

Ndiyo maana nashauri mtu apite kwanza kozi ya awali ya bastola, kisha afanye mazoezi ya nyumbani bila risasi, dakika chache kila jioni. Toa kasha la risasi, vuta nyuma sehemu ya juu ya bastola, tazama chemba, yaani tundu inamokaa risasi, kwa macho na uiguse kwa kidole, na risasi zote zipeleke chumba kingine. Mtutu uelekee ukuta imara ambao nyuma yake hapiti mtu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeamua kufyatua, kisha kibonyeze polepole ukiangalia kama ncha ya mbele ya bastola inatikisika. Siku ya uwanjani vaa shati lenye shingo iliyobana na viatu vilivyofunika miguu, kwa sababu ganda la risasi hutoka likiwa la moto. Likimwingia mtu kifuani huruka na kugeuka, na mtutu hugeuka pamoja naye kuelekea wenzake. Nawa mikono kabla ya kula, kwani kiwashio cha baruti na risasi huacha vumbi la madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Uzito wote uko kwenye sheria, nayo imeandikwa kwa Kiingereza cha kimahakama kinachowatatiza hata wazawa. Isome kabla ya darasa, kifungu kwa kifungu, na uandike maswali. Nguvu ya kuua inaruhusiwa pale tu mtu anapoamini, kwa sababu za msingi, kwamba inahitajika ili kuzuia kifo au madhara makubwa ya mwili yaliyo karibu kutokea, kwake au kwa mwingine, au kuzuia kosa kubwa la kutumia mabavu. Gari linaloibwa barabarani huku hakuna mtu ndani halitoshi. Kuingia na bastola shuleni, hospitalini, maktabani au katika mabasi na treni za umma ni marufuku. Mzazi anayemfuata mtoto shuleni anapaswa kuiacha bastola ndani ya kifuko chake, isionekane, katika gari lililofungwa.

Wakongomani wengi wanaishi Moline na Rock Island, miji ya Illinois, na ng'ambo ya mto Mississippi kuna Davenport, katika jimbo la Iowa, ambalo tangu 2021 halidai kibali cha kubeba. Illinois inadai, na wala haitambui vibali vya majimbo mengine. Kuvuka daraja tu kunaweza kumtia mtu hatiani. Tena wenye viza za muda, kama wanafunzi na watalii, sheria ya shirikisho kwa kawaida inawakataza kabisa kumiliki silaha, ilhali wakazi wa kudumu wanaruhusiwa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo kwetu sisi wahamiaji lina uzito wa pekee. Polisi akikusimamisha na kukuuliza, unalazimika kumwambia kwamba unayo silaha, kumwonyesha leseni na kumweleza ilipo. Jifunze kuisema sentensi hiyo kwa Kiingereza, kwa sauti, mikono ikiwa juu ya usukani, mpaka itoke bila kusitasita. Kiingereza cha mtu mwenye woga hukatika, na mkono unaokwenda mfukoni kabla ya maneno unaweza kumgharimu maisha.

Ukimpata mkufunzi, muulize saa ngapi kati ya zile 16 atazitumia kwa sheria na kama atakubali maswali mengi. Anayetangaza kuzimaliza zote kwa siku moja, mwache.