GIS sio ramani ya kwenye simu tu jamani

Makala yako kuhusu GIS (mfumo wa kompyuta wa kutunza na kuchambua taarifa za mahali) ni nzuri ila hapo uliposema ni "ramani ya kwenye kompyuta" umetupunja kaka. Ramani ni kile kinachoonekana tu, mzigo wenyewe uko nyuma, yaani kila nyumba, kisima, barabara ina jedwali lake la taarifa na mahali pake duniani, unapanga tabaka juu ya tabaka halafu unauliza, mfano nyumba zipi Ujiji ziko ndani ya mita 60 kutoka ziwani, inakujibu hapo hapo. London 1854 daktari John Snow alifanya hivyo kwa karatasi, akaweka alama za waliokufa kwa kipindupindu akakuta zimejazana karibu na pampu moja ya maji mtaa wa Broad Street.

Halafu mbona hujagusa kodineti, yaani namba za kuonyesha kitu kiko wapi, ndo zinazotutesa huku Kigoma! Dunia ya mviringo, ramani bapa, so wameikata kanda kanda, kila kanda na kodineti zake, sasa mpaka wa kanda ya 35 na 36 ni longitudo 30, Kigoma mjini tuko 35 ila ukifika Kasulu ushaingia 36. Na ramani za zamani ziko kwenye Arc 1960 wakati GPS inatumia WGS 84, hiyo ni mifumo miwili tofauti ya kupimia mahali, ukichanganya bila kubadilisha vitu vinahama karibu mita 300. Mwaka jana niliweka visima vya kijijini kwetu kwenye ramani, viwili vikatokea ziwani, wenzangu wananiita mvuvi mpaka leo 😂