Kiti Kilichogeuzwa Nyuma

Hapa Paris kuna jambo dogo linalonifurahisha kila ninapolikuta: kiti cha baiskeli kilichogeuzwa, pua ikitazama nyuma. Mtu aliyepanda Vélib', baiskeli ya kukodi ya mji huu, akaiona mbovu hukigeuza kiti, huiacha kituoni, na anayekuja baada yake anaelewa bila kuambiwa: hii usiichukue. Na ile yenye kiti sawa nayo ikague kwanza. Minya tairi zote mbili kwa kidole gumba, zungusha pedeli kinyume uone kama cheni imechomoka, kamata breki ya mbele kisha ya nyuma, halafu jaribu kukisokota kiti kwa mikono. Kikizunguka kirahisi, kishikizo chake kimelegea na kitashuka nawe njiani.

Najua watakaosema, "Huyu kavuka bahari juzi, leo anatufundisha baiskeli." Hapana, ndugu zangu. Baiskeli tunaijua, pengine kuliko hawa. Ninachozungumzia ni kampuni za baiskeli za kukodi na namna zinavyoshindanishwa. Nyumbani tukisikia ushindani tunawaza barabara: kila mwenye chombo aingie, mwenye nguvu abaki, na matokeo yake mnayajua. Hapa kampuni hupigana kwanza mezani, kwenye zabuni ya mji, kabla gurudumu halijagusa lami. Tofauti hiyo moja ndiyo inayoniuma.

Anayesema soko liachwe liamue aitazame China. Kampuni ya baiskeli za kukodi ya Ofo ilianzishwa mwaka 2014 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Peking. Mpinzani wake, Mobike, alianza na baiskeli nzito isiyo na cheni, tairi zisizojazwa upepo, kifuli chenye jipiesi (GPS) ya kuonyesha ilipo. Ofo ilichagua baiskeli nyepesi ya bei nafuu, na vifuli vyake vya mwanzo vilikuwa vya namba isiyobadilika: ukishaikariri, unaifungua bila kulipa. Kila mmoja akawa anashusha nauli na kumwaga baiskeli mitaani ili mwenzake akose nafasi, mpaka safari ikawa hailipii hata kiraka cha tairi. Mwaka 2018 Mobike ikauzwa kwa Meituan, kampuni kubwa ya huduma za mtandaoni ya hukohuko China. Ofo, iliyokuwa imepandisha amana ya mteja kutoka yuan 99 hadi 199, ilifikia mwisho wa mwaka huo ikidaiwa amana na foleni ya watu zaidi ya milioni 10. Baiskeli zilirundikwa viwanjani kama vilima. Ushindani ulikuwepo, tena mkali, lakini hakuna aliyeulizwa mapema nani ataziokota zilizoharibika.

"Kwetu wataziiba zote." Hoja hii imenichosha. Gobee.bike, kampuni ya baiskeli za kukodi zisizo na vituo, iliondoka Ufaransa Februari 2018 kwa sababu ya wizi na uharibifu. Ufaransa hiyohiyo! Baiskeli isiyofungwa kwenye nguzo wala kusimamiwa na mtu itaishia mtoni au uani kwa mtu, mji uwe wowote.

Wala sisemi Paris ni peponi. Vélib' ilianza 2007 chini ya kampuni ya JCDecaux. Januari 2018 kazi ikahamia kwa kampuni nyingine, Smovengo, vituo vikang'olewa ili vipya vichimbiwe, na vingi vikachelewa kuunganishwa umeme. Wakazi walitaabika miezi mingi. Ila kulikuwa na mkataba, na ndani yake kulikuwa na faini. Sisi kampuni ikitushinda huwa tunabaki na nini mkononi?

Kwa hiyo mji wowote unaotaka baiskeli hizi uandike masharti kabla ya uzinduzi na hotuba. Amana ikae kwenye akaunti ambayo kampuni haiigusi. Baiskeli mbovu iondolewe ndani ya saa zilizotajwa, si "haraka iwezekanavyo". Idadi ya baiskeli iongezwe kwa anayezitunza na ipunguzwe kwa anayezitelekeza, na safari isifungwe mpaka mpandaji achanganue kwa simu alama iliyobandikwa kwenye eneo la kuegesha, kama Singapore ilivyofanya baada ya sheria yake ya 2018.

Tena masharti yataje magari ya kuhamisha baiskeli, maana hapo ndipo pesa inapopotelea. Asubuhi watu huteremka kutoka Montmartre, mtaa wa mlimani hapa Paris, kwa baiskeli, jioni hupanda kwa metro. Juu vituo vitupu, chini hakuna pa kufunga. Vélib' ya zamani iliwahi kutoa dakika 15 za ziada kwa anayerudisha baiskeli kituo cha mlimani, na hata hivyo malori hayakuacha kupanda. Kampuni isiyoonyesha ina malori mangapi na zamu ngapi isipewe kibali, hata ije na programu nzuri ya simu.

Kisha mafundi. Mtaniambia hatuna wataalamu wa mitambo hii. Betri na kifuli cha elektroniki mtu hufundishwa. Lakini gurudumu lililopinda linataka mkono uliozoea: fundi analizungusha, anaona linapogusa breki, anakaza spoki ya upande huu nusu mzunguko na kulegeza ya upande ule, analizungusha tena. Mafundi wa namna hiyo tunao, na mkataba wa baiskeli za kukodi kwetu uanze kwa kuwahesabu: fundi mmoja kwa baiskeli ngapi, na analipwa na nani kampuni ikifunga ofisi.