Ami, kamera na arusi ya watu

Ami yangu haamini otofokasi, yaani kamera kujitafutia yenyewe fokasi, ule ukali wa picha. Si kwamba haijui, anaijua vizuri sana, ila kwake yeye ni kama mtu kuajiri mtu amlie pilau yake. Alipiga picha za arusi hapa Lamu enzi za filamu, na Pentax K1000 yake mpaka leo iko ndani ya sanduku la mbao pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya ukoo mzima. Kamera hiyo haina otomatiki hata moja, betri ni ya kupima mwanga tu na ikifa unaendelea kupiga, swichi ya kuzimia haina, unaifunika lenzi na kifuniko basi imelala. Ukichungulia unaona katikati kiduara cha chembechembe zinazomeremeta, ukiwa nje ya fokasi zinatetemeka, unazungusha ringi polepole mpaka zitulie, zikitulia unabonyeza. Na unabonyeza kwa adabu kwa sababu filamu ina picha 36, ikiisha ipelekwe Mombasa kuoshwa, huko nyuma bwana arusi anakaa hajui kama alitoka mtu au alitoka macho yamefumba.

Nami nina kamera ya digitali ya mkono wa pili na lenzi ya 50 mm, f/1.8, yaani tundu lake linafunguka sana, ile wapiga picha wote tusio na hela tunayo. Kila nikitoka nayo Ami ananiuliza, "Yeo unapiga wewe au inapiga yenyewe?" Siku moja nikamjibu, nikamwambia Ami hiki kitu si cha jana, Minolta walitoa kamera yao ya 7000 yenye otofokasi mwaka 1985, mimi sijazaliwa. Akanitazama juu ya miwani. "Na uvivu uko tangu Adamu." Basi mjadala ukaishia hapo, na mimi nikajiona nimeshinda kwa sababu nilikuwa na mwaka na yeye hakuwa na mwaka.

Ikaja arusi ya jirani, mtaa wa Mkomani, nikapewa kazi ya upande wa wanaume. Wa wanawake siruhusiwi hata kupitisha pua, huko wana mpiga picha wao mwanamke na simu za watu zinakusanywa mlangoni, kwa hivyo kazi yangu ilikuwa kumpeleka bwana arusi njiani na twari na kasida, halafu kirumbizi, ngoma ya bakora, pale uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, halafu nikahi, halafu wali. Ami akasema atafuatana nami "kutazama tu". Mkisikia mtu mzima anasema anakuja kutazama tu, jamani, mficheni vitu vyenu.

Sasa niwaeleze kidogo maana bila hili hamtaelewa kilichotokea. Otofokasi haijui bwana arusi ni nani. Haijui mahari yametoka lini wala nani ameshona kanzu. Kinachotafutwa mle ndani ni tofauti, yaani pale cheusi kinapokutana na cheupe, ukingo, mstari, kitu cha kushika. Ikikosa pa kushika lenzi inaanza kwenda mbele na kurudi, zzz, zzz, mpaka mikono inachoka. Haya, bwana arusi wetu: kanzu nyeupe, joho la rangi ya maziwa, kilemba cheupe, uso ameinamisha kwa haya, nyuma yake ukuta wa chokaa na jua la alasiri limeupiga. Yaani cheupe juu ya cheupe mbele ya cheupe. Na mimi kamera nimeiachia pointi zote, yaani zile sehemu za picha inapoweza kushika fokasi, ichague yenyewe, kwa sababu mimi si mtu wa kubana watu.

Tunashuka Njia Kuu, twari zinapigwa, watoto wako mbele, akatokea punda kutoka kichochoroni. Mwenye Lamu hashangai, punda hapa ndio lori letu, wana hata hospitali yao ya bure, na arusi ama si arusi mchanga wa fundi lazima ufike. Huyu alikuwa mkubwa, wa kijivu cha majivu, na ule mstari mweusi wa mgongoni unaoshuka mabegani, shogi mbili zimejaa mchanga unamwagika kidogo kidogo. Akasimama nyuma ya bwana arusi, kichwa kwenye bega lake kabisa, akatulia, hakuna mtu aliyethubutu kumsukuma maana njia ilikuwa imejaa na akiamua kurudi nyuma ataondoka na wazee wawili watatu. Tukatembea hivyo. Kila bwana arusi akisimama, punda anasimama. Kamera ikalia pii, pii, pii, kwa furaha ambayo sijawahi kuisikia, haikwenda mbele na kurudi hata mara moja, nikajisemea leo Mwenyezi Mungu amenifungulia.

Nikitazama kwenye skrini naona picha safi. Kwenye skrini ya ukubwa ule kila picha ni safi, hata picha ya kidole chako ni safi. Ni kijana mmoja wa hapo hapo, pengine wa darasa la tano, aliyejipenyeza chini ya kwapa langu akabonyeza kile kitufe cha kukuza, akakuza tena, akasema kwa sauti ya kusomewa Maulidi, "Mbona aliyetoka ni punda?"

Nikakuza na mimi. Wallahi. Kope za punda unazihesabu. Nyuzi za kamba, chembe za mchanga, inzi kwenye kona ya jicho ana miguu yake yote. Mbele yake kuna wingu jeupe lenye tabasamu. Kwa f/1.8 ukiwa mita mbili na mtu, kinachokuwa kwenye fokasi ni kama upana wa kiganja tu, na kiganja chote alipewa punda. Nikarudisha ya nyuma yake, punda. Ya nyuma yake, punda ameangalia lenzi.

Ami hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akavua miwani akaitia mfuko wa kanzu, akanyoosha mkono. "Lete." Akasukuma ile swichi ya ubavuni mwa lenzi kutoka A ya otofokasi kwenda M ya mkono, akaibandika kamera jichoni, akazungushazungusha vitu, na mimi nikadhani anazungusha ringi. Akatulia muda mrefu. Akasema, "Sasa ndiyo kamera. Fokasi ni ya mkono na jicho, shika."

Nikachungulia. Giza hakukuwa, lakini kulikuwa na maziwa. Nikazungusha ringi kulia, maziwa. Kushoto, maziwa mazito zaidi. Kuna mahali yanapungua kidogo halafu yanarudi, na mimi sina hakika kama yamepungua au nimezoea. Nikatoa kamera usoni, nikatazama Ngome, nikaona kila jiwe, nikasoma bango la mlangoni herufi kwa herufi. Nikarudisha kamera, kipofu. Nikaitoa, naona mpaka kunguru juu ya mkungu. Nikairudisha, kipofu tena. Moyo ukaanza kwenda mbio maana kwa upande wa mamangu kuna mjomba alianza hivi hivi, ingawa yeye ilikuwa kisukari.

"Unaona?" Ami ananiuliza.

"Naona," nikasema. Ningesema nini, mbele ya watu?

Na kirumbizi kikaanza. Kwa wasiojua, ni wanaume wawili na bakora zao, ngoma inalia, zumari linalia, wanazungukana wanarusha na kukinga, mmoja akitoka anaingia mwingine. Hiki ndicho kitu cha mwisho duniani cha kupiga kwa fokasi ya mkono na lenzi iliyofunguliwa yote, maana mtu anasogea hatua moja ametoka kwenye kile kiganja chako, wewe bado unazungusha. Dawa yake ni ile fokasi ya kufuata, unaweka pointi moja ya katikati kifuani mwa mtu na kamera inamfuata yenyewe hata akija mbio. Lakini Ami amesimama bega langu la kulia kama askari wa forodha. Nikapiga kwa mkono. Nilikuwa nikipiga kwa makisio, nikikumbuka hatua ngapi ziko kati yangu na yule wa kofia ya kahawia, nikizungusha ringi kufuata namba za mita zilizoandikwa juu ya lenzi, na yule bwana badala ya kukaa kwenye hatua zake anaruka ruka.

Mara akapita muuza kahawa na birika lake, Ami akageuka kuchukua kikombe. Nikaisukuma swichi kurudi A chapchap, nikaweka pointi moja tu, ya katikati. Tatizo likawa nitajuaje imeshika, kwa sababu naona maziwa, na ile pii kwa zumari lile usingeisikia hata kamera ikipiga azana. Ila pale chini ndani ya kitundu cha kuchungulia kuna kitone cha kijani kinachowaka fokasi ikishika. Nikakiona. Kilikuwa kimevimba kama tone la rangi lililoangukia maji, lakini kijani ni kijani. Basi nikaanza, natafuta wingu lenye umbo la mtu, naliweka katikati, kijani kinavimba, nabonyeza. Jingine, kijani, nabonyeza. Ami akarudi na kahawa yake akasikiliza mwendo wa shata, ule mlio wa kamera ikipiga, akasema, "Umeona sasa? Mkono umekukubali." Nikasema ndiyo, Ami.

Usiku baada ya wali tukakaa kwenye daka ya nyumbani, pale kibarazani mlangoni. Nikamwambia ukweli mmoja tu, ule wa macho, kwamba nadhani sioni vizuri na kesho naenda hospitali. Akaniangalia kwa huruma ya kweli, akasema mato yenu mmeyamaliza kwa simu, akavua miwani akachukua kamera akachungulia taa ya msikiti. "Mbona i safi? I safi kama kioo." Akanipa, nikachungulia, maziwa. Nikampa, safi. Tukapokezana pale mpaka waliokuwa wakipita wakaanza kutoa salamu za wasiwasi.

Ndipo nikatazama vile vinamba vya chini ndani ya kitundu, vya spidi ya kupiga na vya ile f ya tundu la lenzi. Navyo viko ukungu. Sasa vinamba havipigwi picha, viko ndani ya kamera, lenzi haivihusu. Kama navyo vina ukungu basi lenzi haina kosa na jicho langu halina kosa, kosa liko kwenye kitundu chenyewe. Nikapapasa pembeni yake nikakigusa kigurudumu kidogo kama punje ya dengu, chenye alama ya kujumlisha upande mmoja na ya kutoa upande wa pili, kile cha kumsaidia mwenye miwani aone bila miwani. Kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho kabisa wa kujumlisha. Nikakirudisha taratibu huku natazama vinamba, vikakaza, vikakaza, vikasimama: 1/250. Ulimwengu ukarudi.

"Ami, ulizungusha hiki?"

"Kipi?"

"Hiki."

"Mimi nilitazama tu."

Mamake bwana arusi alizitazama picha kwenye kompyuta yangu akiwa ametulia kabisa. Za kirumbizi zile za mwisho, za kijani kilichovimba, zilitoka kali mpaka jasho la paji la uso linaonekana, na Ami aliyekuwa amekaa karibu akasema kwa unyenyekevu, "Hizo alipiga kwa mkono." Mpaka leo anasema hivyo na mpaka leo sijamsahihisha, kwa sababu nikimsahihisha itabidi nieleze swichi. Za katikati, za makisio, tuliziita za kisanaa tukazipitisha upesi. Halafu zikafuata za njiani. Mama akasogea kwenye skrini. Akavaa miwani. Akauliza, "Huyu punda ni wa nani?" Hakuuliza kitu kingine. Ya pili akauliza tena, "Ni yule yule?" Nikamwambia ni yule yule, mama. Akasema, "Ametulia, mashallah," na mpaka sasa sijui kama alikuwa akinitania au ile ndiyo hasira yake. Zilizobaki za malipo yangu hazijaja, naendelea kusubiri kwa heshima.

Siku chache baadaye ikabishwa hodi, nikatoka, nikamkuta mtu mzima mwenye vumbi la mchanga mpaka kwenye ndevu. Amesikia kwa watu. "Naambiwa una picha ya punda wangu." Nikamkaribisha dakani, nikamfungulia ile moja ambayo punda ameangalia lenzi. Alikaa nayo. Akakuza jicho, akakuza sikio, akamwona yule inzi akampungia mkono kumfukuza. Akasema ana punda huyu miaka na hajawahi kuwa na picha yake hata ya simu, anataka kubwa, ya kutia fremu, ya kuweka sebuleni, na akatoa pesa pale pale, taslimu, bila kubembeleza bei, mteja wa kwanza wa namna hiyo tangu nishike kamera.

Halafu akaitazama tena, akaweka kidole chenye mchanga juu ya skrini.

"Lakini huyu mtu mweupe aliyesimama mbele, huwezi kumtoa?"

"Huyo ndiye bwana arusi, mzee."

Akafikiri kidogo.

"Basi mkate kidogo tu. Amemziba sikio."