Baiskeli ya mlimani usiku: taa kali haimalizi hoja

Wanaopinga kuendesha baiskeli kwenye vijia vya mlimani usiku wana hoja mbili, na mara nyingi huzichanganya. Ya kwanza ni kwamba mwendeshaji ataumia. Ya pili ni kwamba msitu una wenyewe, na usiku ndiyo zamu yao. Naipenda sana michezo hii ya gizani, na kwa maoni yangu hoja ya kwanza inajibika. Ya pili ndiyo inayoninyima raha.

Anayesema usiku huoni kitu huenda hajawahi kufunga taa mbili sawasawa. Taa ya helmeti hufuata macho: ukigeuza kichwa kuitafuta kona, mwanga umeshafika. Lakini kwa kuwa imekaa karibu na macho, vivuli hujificha nyuma ya vitu, na ardhi huonekana bapa. Shimo na doa la udongo mweusi hufanana. Taa ya usukani humulika kutoka chini zaidi, kwa hiyo kila mzizi na kila jiwe hutupa kivuli chake mbele yako, na kivuli ndicho kinachokuonyesha kimo cha kitu. Zikiwaka zote mbili, kijia kinasomeka.

Hatari huanza pale mtu anapoamini kwamba taa kali ni ruhusa ya kukimbia. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa unapita zaidi ya mita 8 kila sekunde. Ukichukua sekunde moja na nusu kushtuka na kubana breki, mita 12 zimekwisha na baiskeli haijaanza hata kupunguza mwendo kwenye changarawe. Kama unaona vizuri mita 20 tu, hesabu hiyo haikuachii nafasi. Kuongeza lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga wa taa, nako kuna kikomo: mwanga hufifia kwa mraba wa umbali, hivyo ili uone mara mbili ya mbali kwa ung'avu uleule unahitaji taa yenye nguvu mara nne, na betri itakwisha haraka. Kwenye ukungu au vumbi, taa ya helmeti hukurudishia weupe mtupu machoni. Afadhali uizime ubaki na ya usukani. Yote haya mtu anaweza kujifunza, na akianguka, ameanguka kwa hiari yake.

Mnyama hakuulizwa. Mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa tafiti 76 kuhusu spishi 62 za mamalia katika mabara 6. Matokeo yake ni kwamba mamalia wengi wanahamishia shughuli zao usiku ili wamkwepe binadamu, hata binadamu huyo akiwa anatembea tu bila kuwinda. Maana yake, giza ndilo kimbilio walilobakiwa nalo, nasi tunawafuata humo humo tukiwa na taa mbilimbili. Watetezi husema baiskeli haina kelele na hupita mara moja. Kwangu mimi hilo linazidisha tatizo: kinachokuja kasi bila sauti humfikia mnyama kabla hajapata nafasi ya kuondoka.

Hata hivyo, siungi mkono marufuku ya jumla. Katika nchi ambazo giza huingia mapema majira ya baridi, mtu anayetoka kazini jioni hana saa nyingine ya kuendesha siku za kazi. Ukiwafungia watu kama huyo kijia rasmi, baadhi yao watajichongea vyao vya siri ndani zaidi ya msitu, mahali ambapo madhara ni makubwa.

Naona heri vijia vilivyo karibu na makazi, ambako wanyama wamekwisha zoea watu, viachwe wazi saa chache za mwanzo wa usiku, na vile vya ndani vifungwe jua linapozama. Machweo na alfajiri viepukwe kabisa, kwa kuwa wanyama wengi huwa mbioni saa hizo. Vivyo hivyo msimu wa kuzaa. Kwenye kupanda, ambako mwendo ni wa pole, taa ipunguzwe hadi ya chini. Na ukikutana na mtembea kwa miguu, inamisha kichwa, maana taa ya helmeti humpiga usoni kila unapomtazama kumsalimia.