Pikipiki ni yako, betri ni ya nani?

Gazeti likiandika kuhusu magari ya umeme Kenya, picha huwa ni ileile: gari dogo la kifahari, jeupe, limechomekwa waya kwenye maegesho ya jumba la maduka. Sina ugomvi na mwenye gari hilo. Ila jiji hili halisafiri hivyo. Nairobi hutembea kwa miguu, hupanda matatu na hurukia bodaboda. Mabasi ya umeme ya BasiGo yapo barabarani tangu 2022 na yana mambo yake, nitayaandikia siku nyingine. Leo nataka tuzungumze kuhusu bodaboda, maana huko ndiko umeme umeshika kasi. Simama kando ya barabara yoyote kubwa saa kumi na mbili jioni utaziona zikipita bila mlio wala moshi, abiria wa nyuma akiongea na simu kwa sauti ya kawaida.

Mimi ni shabiki wa pikipiki hizi. Nalisema mapema ili yanayofuata yasidhaniwe kuwa ya mtu anayelilia petroli.

Faida yake haihitaji mahubiri. Oktoba 2023 lita ya petroli Nairobi iliuzwa zaidi ya shilingi 217, na hata iliposhuka baadaye haikurudi pale tulipoizoea. Mhudumu wa boda hajazi tangi akasahau. Hununua ya mia mbili asubuhi, ya mia tatu mchana, akitoa kwenye noti ambazo abiria ametoka kumkabidhi. Sasa chukua betri ya pikipiki ya Roam, kampuni inayounda pikipiki zake hapahapa Nairobi. Inabeba uniti 3.24 za stima, na kwa hizo mtu anapiga zaidi ya kilomita 70. Tangu Aprili 2023 kuna bei maalum ya kuchaji vyombo vya umeme iliyoidhinishwa na EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati na petroli: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 usiku mahitaji yakiwa chini, kabla ya kodi na tozo. Kwa bei ya usiku, betri nzima ni shilingi 26. Ongeza tozo, zidisha hata mara mbili, bado hujafikia bei ya nusu lita ya petroli.

Na stima yenyewe ni yetu. Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Kule Olkaria, Naivasha, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke, watu wakilala na mahitaji yakishuka, mvuke mwingine huachiliwa tu hewani kwa kuwa hakuna wa kuutumia. Betri inayochajiwa saa nane za usiku inakunywa mvuke ambao ungepotea bure. Nchi nyingi tajiri zinazotuhubiria kuhusu mazingira hazina bahati hiyo.

Makala nyingi kuhusu jambo hili huishia hapo, kwa shangwe. Mimi naona shughuli ndiyo kwanza inaanza.

Nenda kwenye kituo cha kubadilishia betri ukakae hapo nusu saa. Utakuta kabati la chuma lenye vyumba vidogo, kila chumba na taa yake. Mhudumu wa boda anafika, anainua kiti, anachomoa plagi, anaivuta betri kwa mpini wake. Ni nzito, utaliona bega likiinama. Anaisukuma ndani ya chumba kilicho wazi, mashine inaisoma, simu inalia, pesa zinaondoka, mlango mwingine unafunguka. Anachukua iliyojaa, anaitumbukiza chini ya kiti na kuondoka zake, na wewe hata hujamaliza chai yako. Ni kitu kizuri kukitazama.

Rudi hapohapo Ijumaa jioni mvua ikinyesha, saa ambazo kila mtu anataka boda. Foleni imefika barabarani na taa za kabati zote ni nyekundu, maana betri zilizomo bado zinachaji. Mbele kidogo kuna kabati la kampuni nyingine, taa za kijani tupu, betri zimejaa na hazina wa kuzichukua. Hakuna hata moja itakayoingia kwenye pikipiki zilizo kwenye foleni. Umbo ni tofauti, plagi ni tofauti, na hata ukilazimisha plagi, programu ya pikipiki itaikataa betri ya kampuni nyingine.

Hapo ndipo linapokuja swali la kichwa cha makala hii. Wengi wanaobadilisha betri hawaimiliki hiyo betri. Wamechukua pikipiki kwa mkopo wa kulipa kila siku, na betri imebaki kuwa mali ya kampuni. Mpango huu una akili yake. Betri ni sehemu ghali mno, na kuitoa kwenye bei ndiko kulikoiwezesha pikipiki ya umeme kushindana na ya petroli pale dukani. Ampersand, kampuni ya pikipiki za umeme, walianza biashara kwa mtindo huo Kigali, Rwanda, mwaka 2019, wengine wakafuata, na bila mtindo huo huenda tungekuwa bado tunatazama video za China. Kwa hiyo simlaumu aliyeubuni. Lakini mwenye pikipiki ya petroli, kituo kimoja kikipandisha bei, anavuka barabara hadi kingine. Mwenye betri ya kukodi hana pa kuvukia. Kampuni ikipandisha bei ya kubadilisha, atalipa. Ikifunga biashara, atabaki na chuma, magurudumu mawili na mkopo.

Kijana mmoja wa stegi yetu alijikuta katika hali ya namna hiyo. Kampuni yake, ambayo sitaitaja, iliondoa kituo alichokitegemea, na taarifa ikaja kwa ujumbe wa simu wa mistari miwili. Sasa kila akitaka betri anaanza kwa kumaliza sehemu ya ile aliyo nayo kwenda kuitafuta nyingine. "Mkubwa, mimi nanunua stima ya kufuatia stima," aliniambia. Hajalalamika popote, kwa sababu hakuna pa kulalamika. Mkataba unasema kampuni itaweka vituo itakapoona inafaa.

Kenya tumewahi kupita hapa, na mtungi wa gesi. Waliokuwa na jiko la gesi miaka ile wanakumbuka kila kampuni ilikuwa na mtungi wake, valvu yake na regulata yake. Ukinunua wa kampuni fulani umefunga nayo ndoa; gesi yao ikikosekana mtaani, unapulizia makaa na mtungi unakuangalia. Kanuni za mwaka 2009 zikalazimisha valvu ya aina moja na ubadilishanaji wa mitungi, ukawa unapeleka mtungi wa rangi hii na kurudi na wa rangi ile. Leo gesi inauzwa kwenye vibanda ambavyo zamani viliuza mafuta ya taa.

Nisifiche upande wa pili. Wajanja waliingia, wakajaza mitungi ya wenyewe vichochoroni bila kupima wala kukagua, na kampuni zilizogharamia mitungi hiyo zikaona mali yao inazunguka mikononi mwa watu wasiojulikana. Mwaka 2019 kanuni mpya zikaondoa ulazima wa kubadilishana. Sasa kampuni hubadilishana zikikubaliana. Atakayepinga betri za aina moja atanitajia kisa hiki, na ana haki. Ila atazame kilichobaki baada ya vumbi kutulia. Ulazima uliondoka, valvu ya aina moja ikabaki. Isitoshe, mtungi ni bubu. Hausemi umejazwa na nani wala mara ngapi. Betri ya lithiamu ina kompyuta ndogo ndani yake inayojua imechajiwa mara ngapi, imepata joto kiasi gani, imebakiza nini. Kampuni mbili zinaweza kulipana kwa kila uniti iliyotumika bila mmoja kumwibia mwenzake.

Japani wameliona hili. Honda, Yamaha, Kawasaki na Suzuki, mahasimu wa miaka nenda miaka rudi, walikubaliana mwaka 2021 kuhusu betri ya kubadilisha ya aina moja kwa pikipiki zao. Kama hao wameweza kukaa meza moja, sioni kwa nini kampuni chache za hapa zishindwe, hasa zikiitwa na EPRA na shirika la viwango, KEBS, na kuwekewa tarehe.

Nitaambiwa pia teknolojia bado ni changa, tukiweka viwango leo tutaigandisha. Hoja hiyo naipa nusu ya uzito wake. Kemia ya ndani iachwe huru, kila mtu ashindane kwa uhai wa betri yake. Ninachotaka kisawazishwe ni umbo la nje, plagi, na lugha ambayo betri inazungumza na pikipiki. Na kuchelewa nako kuna gharama: kila kabati jipya linalosimikwa mtaani leo ni sababu nyingine ya mwenye kabati kukataa kubadilika kesho.

Njia nyingine ya kumpa mhudumu uhuru ni kuchaji nyumbani. Roam, kwa mfano, huuza pikipiki pamoja na betri yake, unaichomoa na kuichomeka ukutani. Kwenye karatasi ni jibu tosha. Sasa ipeleke Pipeline au Githurai, mitaa ya vyumba vya kupanga. Chumba kiko gorofa ya nne, ngazi nyembamba, betri begani baada ya kazi ya kutwa. Soketi ni moja, na inagombewa na jiko la umeme, redio na simu za watoto. Tokeni hainunuliwi Kenya Power bali kwa mwenye ploti, yaani mwenye nyumba, kupitia mita ndogo aliyoiweka, kwa bei anayoipanga yeye. Keateka, mwangalizi wa jengo, akisikia feni ya chaja ikivuma usiku kucha, kesho yake mna mazungumzo. Ile bei ya shilingi 8 ni ya mita ya kuchajia vyombo. Haipandi ngazi hizo. Anayeihitaji kuliko wote ndiye asiyeionja.

Hili lingeweza kurekebishwa bila kusubiri Bunge. Ploti yenye pikipiki kumi za umeme iwekewe mita yake uani, chini, kwa bei ya usiku, na mwenye nyumba aruhusiwe kukata kidogo kinachojulikana. Kenya Power wangeuza stima ambayo saa hizo haina mnunuzi. Kama ni ukarimu, basi ni ukarimu wenye faida.

Rwanda wameamua kwa mkono mzito: tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya kubeba abiria Kigali haisajiliwi kama si ya umeme. Nawaheshimu kwa uthubutu huo, lakini nisingependa tuuige kesho asubuhi. Kumlazimisha mtu aache petroli kabla ya kuamua betri ni ya nani ni kumtoa mkononi mwa wauza mafuta na kumkabidhi kwa kampuni moja asiyoweza kuihama. Betri kwanza, amri baadaye.

Kuna pia suala la betri zikichoka. Owino Uhuru, Mombasa, watu walipata sumu ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri za magari, na kesi yao ikaisha tu Desemba 2024, Mahakama ya Juu iliporudisha fidia ya shilingi bilioni 1.3. Lithiamu si risasi, hatari zake ni nyingine. Ila wanaoweza kuzembea ni walewale: mwenye kiwanda, na wakaguzi waliotakiwa kumsimamia. Hapa naona kampuni kumiliki betri kuna faida: anayezimiliki anajulikana, na ndiye wa kuulizwa zinaenda wapi.

Kwa anayetaka kununua mwezi huu, maana najua wapo, usianze na rangi ya pikipiki. Uliza betri ni ya nani, na mkataba unasema nini kampuni ikiuzwa au ikifunga. Uliza ukichelewesha malipo siku mbili utapigiwa simu au pikipiki itazimwa kwa mbali ukiwa na abiria. Usiamini ramani ya vituo iliyo kwenye simu. Zunguka mwenyewe njia zako saa tatu usiku uhesabu taa za kijani. Mkataba ukiwa umeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, mtafute mtu akusomee kabla hujatia sahihi. Na muuzaji akikujibu kwamba hayo mtayaangalia baadaye, endelea na petroli yako kwanza.